Hewa Haijashika

Mikono ya Bi Nili ilikuwa ya buluu hadi viwikoni, na mtaa mzima ulishazoea. Waliokuwa wakikimbia ni watoto wageni tu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akichovya vitambaa katika mapipa ya nili yaliyopangwa uani kwake, na kwa miaka yote hiyo hakuacha kustaajabia jambo moja. Kitambaa huingia pipani kikiwa cheupe, hutoka kikiwa na rangi ya majani machanga, na kikishaguswa na upepo tu, mbele ya macho yako, huanza kugeuka buluu. Si wewe mchovyaji unayetia rangi; hewa ndiyo inayotia. Mteja mwenye haraka akitaka kukunja nguo kabla ya wakati, Bi Nili humgombeza kama mtoto: "Acha hiyo! Hewa haijashika!"

Mwaka huo lakini mikono ilimgomea. Magadi makali ya pipani yalimchubua katikati ya vidole, kisha ukaja muwasho, na muwasho wenyewe si wa kumwombea adui. Alijikuna kwa kitana, alijikuna kwa pembe ya meza, siku moja akajikuna kwa ukuta wa nyumba mpaka mkwe wake akamwambia, "Mama, ukuta utaisha huo."

Akaenda duka la dawa. Muuza dawa, kijana mwenye miwani na subira, aliitazama mikono ile kisha akauliza, "Ni ya nani dawa?"

"Ya nani tena, baba? Huoni nilivyobanduka?"

"Nauliza kwa sababu kila ngozi na dawa yake. Basi hii hapa. Inatia ganzi, muwasho unatulia. Paka kidogo tu pale panapowasha, mara tatu kwa siku, usizidishe wiki. Palipotoka damu usipake. Na ununue glavu, mama, la sivyo tutaonana kila mwezi."

"Glavu! Nitajuaje kitambaa kimelainika kama sikishiki?"

"Haya. Lakini karatasi ya ndani uisome."

"Nitaisoma," alisema Bi Nili, na alikuwa na nia kweli. Ila herufi zenyewe zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na karatasi yenyewe nyembamba, laini, nzuri. Kesho yake mteja mmoja aliomba unga kidogo wa nili akajaribu kwake. Bi Nili alipapasa rafu, akaikuta ile karatasi, akafungia unga wa nili kwa karatasi ya dawa, akakunja pembe nne vizuri. Mteja hakurudi kuuchukua. Kifurushi kikabaki rafuni.

Dawa ilimshangaza. Ilipoza kwanza, kisha ngozi ikanyamaza kabisa, kama mtu aliyeambiwa atoke nje na akatoka. Bi Nili alikaa kwenye kigoda akiitazama mikono yake. "Kitu kidogo hivi," alisema peke yake, "kinatoka kwenye tyubu kama dawa ya meno!" Akamwombea dua aliyeitengeneza, yeyote awaye.

*

Sasa nyumbani mule kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyelala kila siku, naye alikuwa na miezi minne. Baba yake, mtoto wa Bi Nili, alikuwa dereva wa lori, na alikuwa safarini wiki ya pili. Mtoto walimwita Kibonge kwa mikunjo ya mapaja yake, na bibi yake alimwita "mume wangu", jambo lililomfanya Mama Kibonge, mkwewe, amwite Bi Nili "mke mwenzangu" siku alizokuwa na furaha.

Wanawake hao wawili walipendana, lakini kwa masharti. Mama Kibonge alikuwa na kanuni zake, aliziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani kwa gundi kabisa. Mtu anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, maana nili ilishawahi kumwachia Kibonge alama za vidole mashavuni. Mtoto asipewe kitu ila ziwa la mama. Asipakwe kitu. Maji safi, basi. Bi Nili, aliyelea watano kabla kanuni hazijazaliwa, aliitazama karatasi ile kila asubuhi na kila asubuhi akakohoa.

Likaja joto. Kibonge akatoka harara shingoni, mgongoni, mapajani, vipele vidogo vyekundu kama mtama uliomwagika. Mama yake alimwogesha maji ya baridi kidogo, akamwacha na shati jepesi, akaenda sokoni kuuza vitambaa. Bi Nili akabaki na kilio. Mtoto alijisugua mgongo kwenye mkeka, alijikwaruza shingo kwa vile vikucha vyake mpaka pakachubuka, akalia kilio cha kukatika pumzi. Nani mwenye moyo angestahimili? Bi Nili alimbeba, akaimba, akapuliza, akapepea. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni mwa aproni, na mfukoni mlikuwa na tyubu.

Alimpaka kidogo shingoni. Baada ya muda mfupi mtoto akanyamaza, akamtazama bibi yake kwa macho makubwa ya mshangao, akalala.

"Ehee," alinong'ona Bi Nili, "mume wangu umepata nafuu."

Kidogo kikishafaa, nani asitake kingi? Siku ya pili alimpaka shingo, mgongo na mapaja. Siku ya tatu alimpaka kila palipokuwa na kipele, mara nne tangu asubuhi, hata pale palipochubuka, na mtoto alilala mpaka Mama Kibonge aliporudi akasema, "Leo umemtuliza vipi, Mama?"

"Nimemwimbia tu," alijibu Bi Nili.

Hakuwa mwongo kwa tabia. Aliona aibu kidogo, basi, kisha akajiambia kwamba matokeo mema hayana kesi. Tyubu ilipofika mwisho aliikunja kama anavyokunja ya dawa ya meno, akaibana, akalipata tone la mwisho.

*

Siku ya nne, saa nane mchana, Mama Kibonge alirudi mapema kumnyonyesha. Alimwinua mtoto kwenye mkeka, akaushika mkono wake, akaguna.

"Mama! Umemshika mtoto hujanawa tena!"

"Nimenawa mimi!"

"Tazama kucha zake. Tazama na midomo. Nili tupu."

Bi Nili alitazama. Kweli, kucha za mtoto zilikuwa na ubuluu wa kijivu, na midomo kadhalika. Akatazama mikono yake mwenyewe, akaona haya. Alikuwa amenawa, aliapa moyoni kwamba alikuwa amenawa, lakini nani angemwamini mtu mwenye mikono ile? Katika nyumba nyingine yoyote duniani, mama akiona midomo ya mtoto wake imekuwa ya buluu angepiga ukelele na kutoka mbio. Katika nyumba hii walikwenda kutafuta sabuni.

Wakamwosha. Sabuni kwanza, kisha ndimu, maana ndimu huitoa nili kuchani. Bi Nili akishika kidole kimojakimoja, mkwe akisugua kwa kitambaa laini, huku wakigombana kwa sauti ya chini.

"Nimebandika karatasi ukutani, Mama, bado tu."

"Na mimi nakwambia nimenawa. Sabuni yenyewe imebaki kipande."

Nili haikutoka. Wakasugua tena. Bi Nili ndiye aliyeanza kuona kuna jambo. Maji ya ndimu yalikuwa yameingia palipochubuka shingoni, na Kibonge hakulia. Huyu Kibonge, aliyekuwa akililia hata shati kuvuliwa, alilala mikononi mwao kama nguo iliyoloa, akipumua harakaharaka.

"Subiri," alisema Bi Nili. "Mfungue mdomo."

Mama Kibonge alimgusa kidevu. Mdomo ukafunguka, na ulimi ulikuwa wa buluu. Ufizi ulikuwa wa buluu.

Nili huingia kuchani. Huingia kwenye mikunjo ya vidole, huingia hata chini ya pete. Lakini hakuna aliyeutia nili ulimi wa mtoto yule. Wanawake wawili wakatazamana juu ya beseni, na hapo ndipo ukelele ulipotoka.

*

Jirani mwenye teksi aliwafikisha hospitali kwa honi mfululizo. Mlangoni muuguzi alimpokea mtoto, akaiona mikono ya Bi Nili, akasema bila kumtazama usoni, "Wewe bibi kakae kule. Mikono michafu hivyo unaingia nayo wapi?" Bi Nili aliificha mikono ndani ya mtandio. Lakini hakwenda kule. Alisimama kwenye pembe ya chumba, mgongo ukutani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumfukuza tena.

Walimwekea mtoto oksijeni. Walimbana kidole kwa kipimo cha oksijeni chenye taa nyekundu, kikasoma themanini na tano kwa mia. Daktari, mwanamke mwembamba wa makamo, aliongeza oksijeni. Themanini na tano. Akaongeza tena, kikabaki palepale. Alisikiliza mapafu mbele na nyuma, akakunja uso.

"Mapafu safi. Hewa inaingia, mama. Inaingia vizuri kabisa." Akamgeukia Mama Kibonge. "Amekula nini? Amekunywa maji ya wapi? Amepewa dawa yoyote, amepakwa kitu chochote?"

"Hakuna, daktari." Mama Kibonge alisema huku machozi yakimtiririka, lakini kulikuwa na fahari katika sauti yake, fahari ya mama aliyefuata kila alichoambiwa. "Ni ziwa langu tu. Hata mafuta simpaki."

Bi Nili alisikia. Sema, alijiambia. Kisha akajijibu: niseme nini? Dawa ya ngozi hukaa kwenye ngozi. Haikwenda tumboni, haikwenda popote. Nitajiaibisha bure mbele ya mke wa mwanangu, ataniona mwongo, na mtoto asipone kwa hilo. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Na mjukuu mwenyewe ndiye yule pale, ana kinyago cha plastiki usoni.

Daktari akatoa damu. Bi Nili aliiona ikipanda kwenye bomba la sindano, akaikazia macho, kwa sababu yeye kazi yake ilikuwa rangi. Damu ile haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya hudhurungi, nzito, kama maji yaliyochemshiwa magome.

Daktari naye aliiona. Alidondosha tone moja kwenye shashi nyeupe, kando yake akajichoma kidole mwenyewe akadondosha tone lake, kisha akaanza kuvipepea kwa karatasi. Muuguzi alishangaa anafanya nini. Bi Nili hakushangaa. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu, amesimama chini ya kamba akipepea kitambaa, akingoja. Miguu yake ilimsogeza yenyewe mpaka mezani. Tone la daktari liling'aa wekundu. La Kibonge lilibaki hudhurungi. Sekunde zikapita, nalo likabaki hivyohivyo.

"Hewa haijashika," alisema Bi Nili.

Daktari aliinua kichwa ghafla. "Umesemaje?"

"Hewa ipo, daktari. Damu ndiyo haiishiki."

"Ndivyo hasa," alisema daktari polepole, akimtazama mwanamke yule mwenye mikono ya ajabu. "Kuna kitu kimeigeuza damu yake. Inapita kwenye hewa tele na haiwezi kuibeba. Na kitu hicho kimetoka nje, hakuzaliwa nacho. Nikikijua, ninajua la kufanya. Nisipokijua ninabahatisha."

Bi Nili alitoa mikono mtandioni, akaitazama. Miaka thelathini na moja ya sabuni, ndimu na majivu, na nili ilikuwa bado imo. Haikuwa juu ya ngozi, ilikuwa ndani. Ngozi iliinywa. Kama ngozi ngumu ya mwanamke mzee inakunywa nili, ngozi ya mtoto wa miezi minne inakunywa nini?

"Nilimpaka dawa," alisema.

Daktari akamsogelea.

"Dawa yangu ya muwasho. Inatia ganzi. Nilimpaka shingo, mgongo na mapaja, hata alipojichubua, siku tatu. Jana mara nne. Nimeimaliza tyubu nzima." Aliitoa mfukoni mwa aproni, imekunjwa hadi mwisho, akaiweka mezani. "Mama yake hajui. Nilimwambia namwimbia."

Hakumtazama mkwe wake. Alisikia tu pumzi ikivutwa, ndefu, na haikufuatwa na neno. Afadhali angetukanwa.

Daktari alisoma jina la dawa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepata ufunguo. "Kichupa cha dawa ya sumu hii kiko kwenye kabati la juu," alimwambia muuguzi. "Kimbia." Akauliza haraka kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuishiwa damu ghafla baada ya kumeza dawa, maana watu wa namna hiyo dawa ya kichupa huwadhuru. Wakasema hapana, pande zote mbili hapana.

Muuguzi akarudi. Daktari akaivuta dawa kwenye bomba la sindano, akaiinua kwenye mwanga, na Bi Nili akasogea kuitazama.

Ilikuwa ya buluu. Si buluu ya kubahatisha. Ilikuwa buluu ya pipa la tatu, ile nzito ya mwisho, ambayo mtu huipata baada ya kuchovya mara nane.

"Mnamtia rangi?" aliuliza kwa sauti iliyokatika.

"Ilianza kama rangi ya vitambaa, ndiyo," alisema daktari. "Ndiyo dawa yake."

Akaisukuma polepole kwenye mshipa wa mkono mdogo, dakika tano nzima. Buluu ikiingia kwenye mtoto wa buluu! Mama Kibonge alikitazama kipimo, na alipoona namba zinashuka akapiga yowe. Daktari akamgeuza bega. "Usikiangalie hicho. Dawa yenyewe inakidanganya. Mwangalie midomo."

Wakamwangalia midomo. Bi Nili alikuwa ameona rangi zikibadilika maisha yake yote, lakini hakuwahi kungoja hivi. Dakika kumi hazikuleta kitu. Kisha pembeni mwa mdomo, pale ulaini unapoanza, ukijivu ukapungua, kwa uchache ambao ni jicho la mchovyaji tu lingeuona.

"Inashika," alinong'ona.

"Wapi?" alilia Mama Kibonge. "Mbona sioni?"

"Hapo pembeni. Ngoja. Usimguse, ngoja."

Wekundu ukasambaa. Ukashika mdomo wa chini, ukashika wa juu, ukaingia ulimini, ukajitokeza kwenye kucha moja baada ya nyingine, hafifu mwanzoni, halafu wekundu kamili wa mtoto mzima. Bi Nili alikuwa akidhani anajua rangi ni nini. Na Kibonge, aliyekuwa kimya tangu mchana, akakunja uso, akavuta pumzi, akaangua kilio cha hasira kilichomfikia hata mlinzi wa getini.

Muuguzi yule wa mlangoni alijifuta macho kwa mkono wa gauni. "Subhana," alisema. "Mwaka wa kumi na mbili niko hapa, sijawahi kuona hili."

*

Walilazwa usiku mmoja waangaliwe. Kabla ya jua kuzama dereva wa lori, baba yake Kibonge, akapiga simu, na Mama Kibonge akaipokea. Bi Nili, aliyekaa kwenye benchi la ukutani, mbali na kitanda, aliinamisha kichwa akingoja hukumu yake.

"Yuko salama sasa," alisema Mama Kibonge. Akasikiliza. "Ni dawa ya muwasho. Tulimpaka, mimi na Mama. Hatukujua." Akasikiliza tena. "Nimesema tulimpaka. Endesha polepole."

Akaweka simu. Bi Nili hakuthubutu kushukuru.

Asubuhi jirani mwenye teksi aliwaletea nguo safi, na katikati ya nguo, kwa ombi la Bi Nili, kifurushi kimoja kidogo cha karatasi kutoka rafuni. Bi Nili alikifungua, akamwaga unga wa nili kwenye pipa la taka, akaikung'uta karatasi, akamnyooshea mkwe wake.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayafiki."

Mama Kibonge aliisogeza dirishani. Herufi zilikuwa zimeingia buluu lakini zilisomeka. Alisoma kwa sauti tambarare. Kwa sehemu ndogo tu ya ngozi. Si kwa ngozi iliyochubuka. Ngozi isifungwe baada ya kupakwa. Isizidi siku saba. Alipofika mstari wa chini akasita, kisha akausoma: isitumike kamwe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Midomo, kucha au ngozi ikigeuka kijivu au buluu, wahi hospitali mara moja.

"Ilikuwa rafuni," alisema Bi Nili. "Siku zote hizo. Nilifungia nili." Na hapo akalia, yule mwanamke aliyegombeza wateja miaka thelathini na moja, akalia kwa kwikwi, mikono imefunika uso.

Mkwe wake alimwacha alie. Alikuwa bado na hasira, na hasira ilikuwa haki yake. Lakini alikuwa pia amesimama pale mezani jana, na alijua ni nani aliyesema, na kwamba angeweza kutosema.

"Mama," alisema mwishowe. "Nenda kanawe."

Bi Nili alinawa mara tatu kwa sabuni ya hospitali, iliyomchoma vidoleni kama siafu. Aliporudi, mkwe wake alikuwa amemfungua mtoto nepi, amesimama ameduwaa.

"Mama, njoo uone! Njoo haraka!"

Bi Nili alikimbia. Kibonge alikuwa chali, anapiga mateke, midomo myekundu kama pilipili. Nepi ya kitambaa cheupe ilikuwa imeloa, na palipoloa palikuwa na rangi ya kijani, kijani cha majani machanga.

"Ni dawa inatoka," alisema daktari kutoka mlangoni, akicheka. "Atakojoa hivyo siku moja au mbili. Msishtuke."

Mama Kibonge aliichukua ile nepi kwa ncha za vidole, akamkabidhi Bi Nili, kisha akamwinua mtoto na kumkabidhi pia. "Mshike mume wako," alisema. "Mikono yangu imechoka."

Bi Nili alimpokea kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya kazi, aliikung'uta ile nepi ya kijani, akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha, akasimama akingoja hewa ishike. Mkwe wake akaja akasimama ubavuni mwake, naye akangoja.